Mashine Iliyorudi Safi

Tangu nistaafu mwisho wa muhula uliopita, walimu vijana wa idara yetu ya kompyuta hawaachi kunipigia simu. Mmoja anauliza bisibisi ndogo ya nyota iko wapi, mwingine anauliza kwa nini mashine fulani inazima ikiguswa ubavuni. Juzi wamekuja nyumbani kwangu Gongo la Mboto wakiwa na mfuko wa sukari na ombi moja: niwaandikie mambo yangu ya kazini, wayasome wenyewe wasiwe wananisumbua. Nimekubali, kwa kuwa sukari nilishaipokea. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua, hata asiye mwalimu.

Naitwa Rukia, ila shuleni nilikuwa Madam Rukia. Niliajiriwa kufundisha hisabati. Siku niliyoripoti, mkuu wa shule wa wakati ule aliniuliza kama najua kupiga chapa. Nikasema najua. Akavuta droo, akanikabidhi funguo za chumba cha kompyuta, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonitoa nikiwa na miwani mizito na kidole gumba chenye sugu ya bisibisi.

Chumba chenyewe kilikuwa na nondo madirishani, mapazia mazito, na kompyuta za mezani tulizopewa msaada. Kila kompyuta ilikuwa imevishwa gauni la kitambaa cha maua. Wanafunzi walivua viatu mlangoni, wakaingia peku, wakakaa wanne wanne mbele ya mashine moja na mikono yao mapajani. Kugusa kulikuwa na ratiba yake. Nisiwadanganye, wala sikuona ajabu. Mimi mwenyewe ni mfumaji wa vitambaa. Televisheni yangu ina kitambaa, redio ina kitambaa, na jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Kwetu kitu cha thamani hufunikwa, na mgeni akija kinafunuliwa kidogo akione. Kompyuta zile tulizifunika vizuri mpaka zikafa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeweza kusema zimeuawa na kazi, maana kazi hazikuwa zimefanya.

Vifaa vyangu vya kwanza vilikuwa bisibisi niliyoitoa kwenye cherehani ya mama, brashi ya kupakia rangi ambayo haikuwahi kuona rangi, na kifutio cha penseli. Hicho kifutio nawasisitizia. Mashine ikigoma kuwaka na badala yake ikalia lia, izime, toa kile kipande cha kumbukumbu, sugua meno yake taratibu kwa kifutio, kirudishe. Nimefufua mashine nyingi kwa kifutio kuliko kwa cheti changu cha chuo. Hakikisha tu ni kifutio kipya. Cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza kimeshatafunwa.

Miaka ikaenda hivyo mpaka alipohamishiwa kwetu Mwalimu Anastazia, mkuu mpya wa shule. Alitokea Masasi, mwalimu wa fizikia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha bweni zima. Siku yake ya kwanza ya ukaguzi aliingia chumba changu na viatu vyake. Nikabaki mlangoni natazama viatu. Yeye alikuwa anatazama yale magauni ya maua.

"Madam Rukia," akasema, "hapa ni darasa au mochwari?"

Nilinuna wiki nzima. Halafu siku moja nikiwa napanga magauni yale baada ya kuyafua, kicheko kikanipata peke yangu, na tangu siku hiyo nikampenda yule mama. Nimefanya kazi na wakuu wa shule wengi. Wengine walikuwa wakali, wengine walikuwa wapole, wawili watatu walikuwa hawapatikani. Aliyenifundisha kazi ni yeye.

Mpango wake ulikuwa huu. Kila mwanafunzi akiingia kidato cha tatu apewe kompyuta mpakato yake, aende nayo nyumbani, arudi nayo shuleni, aitumie mpaka amalize mtihani wa kidato cha nne. Baada ya hapo inakwenda kwa mwingine. Sisi tuliziita mashine tu, na hapa nitaziita hivyo. Kwenye shule za wenye uwezo lilikuwa jambo la kawaida, lakini wazazi wetu walikuwa askari, mama lishe, wauza nguo wa Pugu Road na wachonga vinyago waliotoka kusini kama yeye. Michango ilikusanywa polepole, kwa maneno na kwa kubembelezana. Kwenye mkutano mmoja mzee fulani akasimama akauliza nani atajibu zikifa kama zile za kwanza.

Mwalimu Anastazia alinyoosha mkono kuelekea nje. "Zikifa kabla watoto hawajafanya mtihani wa kidato cha nne, msihangaike kunishtaki popote. Nitatoka geti lile kwa miguu yangu, na hamtaniona tena."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu kazi ya kuchagua mashine zenyewe ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeshaanza kuliona lile geti.

Mawakala walikuja wengi, wamevaa suti kwenye joto lile, kila mmoja na mashine inayong'aa kuliko ya mwenzake. Nilizisikiliza sifa zao mpaka masikio yakachoka. Mwishowe mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa Bwana Shabbir, mwenye duka Chang'ombe. Duka lilikuwa la babu yake, likawa la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Temeke kuliko changu. Nilipomwambia ninachotaka, hakunionyesha bei. Alinipa bisibisi.

"Fungua kwanza, Mwalimu."

"Nifungue nini?"

"Tumbo la mashine. Mie simuuzii mtu kitu asichoweza kukifungua. Atanirudia hapa kila wiki tugombane, na mie na nyie walimu sitaki ugomvi."

Ulikuwa ndio utaratibu wa duka lake. Awe mwanafunzi wa chuo, awe mwenye kampuni, anakaa kwenye kigoda anafungua skrubu. Wengine walikasirika wakaondoka, na yeye akawaaga kwa heshima zote. Mimi nilikaa. Mchana ule nilijifunza mambo ambayo bado nawaambia nyie. Msianze kuuliza mashine ina kasi gani. Ishike pembe moja uinyanyue; ikijipinda, irudishe. Funua kioo kwa kidole kimoja, angalia bawaba, maana mtoto hatafunua taratibu kama wewe. Tikisa tundu la chaji, kwa sababu huko nyumbani watachaji kwa jirani, waya umevutwa toka dirishani. Uliza kibodi inatoka au imegandishwa. Uliza betri inatoka. Uliza spea zinapatikana mjini hapa au mpaka ziagizwe. Ukimaliza hayo ndio uulize kasi.

Dukani kwake kulikuwa na aina mbili zilizokaribiana bei. Moja ilikuwa mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, ndani imegandishwa kwa gundi toka mwanzo hadi mwisho. Nyingine ilikuwa nene, nyeusi, imetumika kwenye maofisi ya nje kabla ya kuletwa hapa, na sura yake haikuwa ya kumpendeza mtu.

"Hii nyembamba naiuza sana msimu wa harusi," alisema Bwana Shabbir. "Kwenye picha inapendeza. Lakini we unataka ya mtoto wa Gongo la Mboto, mvua na vumbi. Chukua hii nyeusi. Ona hapa chini, ina vitobo. Maji yakimwagika juu yanapitia huku, hayakai ndani."

Nikarudi nayo habari hiyo kwa kamati ya wazazi, na kamati ikanichachamalia. Mwenyekiti alisimama akashika ukosi wa shati lake. "Madam, hii mitumba. Suruali hii mitumba. Hata viatu. Sasa na watoto wasomee mitumba?" Nilimwelewa kabisa, maana na mimi ningependa mwanangu apewe kitu kipya walau mara moja. Mwalimu Anastazia akapendekeza tujaribu. Bwana Shabbir akatuazima mashine chache za kila aina, na kamati ikaamua zipewe wanafunzi wanaoongoza darasani, wakae nazo muhula mzima, halafu tuone zipi zimehimili.

Muhula ukaisha, zikarudi. Jamani, zilirudi zinameremeta. Zile nyembamba bado zilikuwa na nailoni yake ya dukani juu ya kifuniko. Zile nyeusi zilikuwa zimepakwa mafuta. Moja ilikuja imefungwa kwenye kitambaa cha kufuma chenye nakshi za mananasi, kazi safi sana, mpaka nikamwomba mzazi mfano wake. Kila mtoto alisema neno moja, "Haina shida yoyote Madam." Mwenyekiti akafurahi. "Si mnaona? Zote nzima. Kama zote nzima, tununue zilizo nzuri." Na ukimsikiliza, hesabu yake haikuwa na kosa.

Baada ya wao kuondoka niliwasha moja ya zile nyembamba. Ikaniuliza nataka lugha gani, na niko nchi gani. Walimu wangu, mnajua maana yake. Mashine huuliza swali hilo siku ya kwanza tu inapowashwa. Nikawasha nyingine, nayo ikaniuliza. Nikazibeba mpaka ofisini kwa Mwalimu Anastazia, nikaziweka mezani kwake zikiwa zimejipanga, zote zinauliza tuko nchi gani.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Halafu akaanza kuzifunga moja moja.

"Rukia, wazazi hawa si wabaya. Wanatunza. Sie wote ndivyo tulivyolelewa. Lakini wakitunza hivi tutanunua zile zitakazokufa siku mtoto atakapozigusa kweli. Na mimi nitakuwa getini."

Wiki iliyofuata aliitisha mkutano wa wazazi wote, akamwalika na Bwana Shabbir, ambaye alikaa mstari wa mbele na kofia yake magotini. Juu ya meza kulikuwa na mashine moja nyembamba na moja nyeusi, zote zimewashwa, kioo kinaonyesha mchoro wa moyo wa binadamu. Pembeni kulikuwa na chupa ya chai. Nilidhani ni ya wageni.

Kwanza aliziingiza kwenye mikoba ya shule, kila moja na vitabu vyake, akamwita binti wa kidato cha pili akamwambia akae juu yake kama wanavyokaa wakisubiri gari. Binti akatazama mama yake kwanza. "Kaa, mwanangu, hakuna atakayekugombeza." Akakaa. Ukumbi mzima ukaguna. Zilipotolewa, ile nyembamba kioo chake kilikuwa kimepata mstari mweupe toka pembe hadi pembe. Nyeusi ilikuwa vilevile, haikupendeza na haikununa.

Halafu akachukua ile chupa. Nilimwona Bwana Shabbir akiiweka kofia kichwani. Mwalimu Anastazia akamimina chai ya maziwa yenye sukari kwenye kibodi ya ile nyembamba, kiasi cha nusu kikombe, kama mtoto aliyepiga kikombe kwa kiwiko. Ikazima papo hapo. Akanigeukia. "Madam, ifungue tuone." Nikahangaika nayo na bisibisi mbele za watu, haikufunguka, gundi imeshika. Akasogea kwenye ile nyeusi, akamimina kiasi kilekile. Sikuweza kuangalia. Nilisikia chai inadondoka chini ya meza, to, to, to. Nilipofungua macho, moyo wa binadamu ulikuwa bado uko kwenye kioo, na mama mmoja nyuma alikuwa anasema, "Haki ya Mungu, imekojoa!"

Watu walicheka, na kicheko kikafungua ukumbi. Nikaizima haraka, nikatoa betri, nikaipindua, nikaifuta, nikaiacha ikauke. Msiijaribu hii mkiwa na mashine ya shule, si kila nyeusi ina vitobo, na chai yenye sukari ina madhara yake. Mashine ile ilipona, ila herufi N ilibaki inanata tangu siku hiyo.

"Wazazi wenzangu," alisema Mwalimu Anastazia, "mimi sitaki mashine irudi safi. Ikirudi safi nitajua mtoto hajasoma. Nataka zirudi zimechakaa." Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyesimama wa kwanza. Aliangalia meza, akaangalia shati lake, akasema, "Basi tununue hiyo iliyokojoa." Nilimheshimu sana kwa hilo. Si kila mtu mwenye cheo anaweza kugeuka mbele ya watu waliomchagua.

Tukanunua nyeusi, darasa zima. Kila mwanafunzi, kabla ya kupewa ya kwake, alikaa kwenye kigoda mbele yangu akaifungua na kuifunga, utaratibu ule ule wa Chang'ombe. Na kila mwisho wa muhula tulikuwa na siku ya kuzitandaza mezani, Mwalimu Anastazia akapita akizisoma. Alikuwa anazisoma kweli. "Huyu herufi A imefutika, anaandika insha ndefu. Huyu kaweka unga wa ugali kwenye bawaba, anasomea jikoni, mwambieni vizuri. Huyu ana mafuta ya chipsi, si mtoto wa yule baba wa kibandani? Anamsaidia baba yake jioni halafu anasoma palepale." Wazazi waliokuja wakitetemeka kwa mikwaruzo waliondoka wamenyoosha shingo. Mashine moja ilikanyagwa na bodaboda. Nyingine iliingia kwenye sufuria la maharage. Hizo zilikufa, tukazitoa spea. Nyingine zote zilikuwa zinadunda.

Siku ya kwanza kabisa ya kutandaza, Mwalimu Anastazia alisimama mbele ya mashine moja akawa haondoki. Ilikuwa safi. Kibodi imeng'aa, hakuna alama ya kidole. Ilikuwa ile iliyokunywa chai. Wanafunzi wengine walikuwa wameikataa kwa sababu ya ile N, ikamwangukia binti aitwaye Mwanaidi, mpole, asiyebishana na mtu.

"Huyu mtoto ana shida gani?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Baba yake ni askari magereza," nikamjibu. "Siku ya mkutano alikuwa zamu, hakuja."

Alinituma Chang'ombe kwa Bwana Shabbir nikachukue kibodi nyingine. Jumamosi tukaenda Ukonga, kwenye nyumba ya baba Mwanaidi. Kila mtu pale mtaani alimwita Afande, na sisi tukamwita hivyo. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Mwanaidi alitusalimia, "Shikamooni walimu," tukaitikia, akaketi kwenye mkeka pembeni ya mama yake. Tukaletewa soda.

"Kama mmekuja kwa ajili ya mashine," alianza Afande, "mashine ipo salama. Tangu aje nayo haijadondoka hata mara moja."

"Najua, Afande," alisema Mwalimu Anastazia. "Ina herufi moja inayonata. Hilo ni kosa letu la shuleni. Tumeleta kibodi nyingine tuibadilishe."

Akanyanyua soda yake akanywa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikaimeza na soda yangu.

Afande alivua ufunguo uliokuwa shingoni kwake, akaenda chumbani, akarudi amebeba tranka la bati. Akafungua kufuli. Ndani kulikuwa na sare yake ya gwaride, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, na mashine ya Mwanaidi imefungwa kwenye khanga mpya ya mke wake.

"Anaipata Jumapili," alisema, "akishanawa mikono. Namsimamia mwenyewe."

Mwanaidi aliangalia mkeka. Mwalimu Anastazia hakuuliza kitu, na Afande, kama watu wengi wasiosemeshwa, akaanza kujieleza.

"Mwalimu, mie mtu mzima, naelewa kinachokutatiza. Lakini hii ikivunjika mikononi mwake mtamrudisha nyumbani. Mimi nitailipa na nini? Bora asome kwa kalamu kuliko asisome kabisa."

Mtu mzima huyu, mwenye funguo za watu kiunoni siku zote za kazi yake, alikuwa analinda kiti cha mwanawe darasani kwa njia pekee aliyoifahamu.

Mwalimu Anastazia alinyoosha mkono kwenye mkoba wangu, akatoa bisibisi, akaiweka kiganjani kwa Afande. "Kaa hapa chini, Afande. Tukifungua mimi na Madam, wewe utaendelea kuogopa. Fungua wewe."

Alikaa. Mikono yake ilikuwa mikubwa kwa kazi ile, lakini ilitulia. Nilimwonyesha skrubu ya kwanza, zilizobaki akazitafuta mwenyewe, akazipanga kwenye mkeka kwa mistari, kila moja mahali pake kama ilivyokuwa kwenye mashine. Kibodi ilipoachia na kuinuka, aliishika hewani akawa anaiangalia.

"Kumbe inafunguka."

"Yote," nilimwambia.

"Na hiki? Na hiki? Vinapatikana?"

"Chang'ombe, kwa Bwana Shabbir. Na kikiharibika mtoto akiwa anasoma, shule ndiyo inayotengeneza. Hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa mashine iliyochoka."

Akatoa betri. Akatoa feni, akaipuliza vumbi. Mke wake akasogea, Mwanaidi akasogea. "Kwenye mafunzo tulipewa bunduki," alisema bila kuinua kichwa. "Siku za mwanzo tunaiogopa, tunaishika kwa vidole. Mpaka tulipofundishwa kuifungua na kuirudisha." Akairudisha yote, kibodi mpya mahali pake, bila skrubu hata moja kubaki. Akabonyeza, ikawaka. Nimeona watu wakifurahi kwenye kazi yangu, lakini uso ule sijausahau.

"Chukua," akamwambia Mwanaidi.

"Si mpaka Jumapili, baba?"

"Leo. Sasa hivi. Nenda kasome."

Tulipokuwa tunaaga, alikuwa analirudisha kufuli kwenye tranka lenye sare na vyeti tu. Njiani nilimwambia Mwalimu Anastazia kwamba mimi ningemgombeza yule baba. "Na mimi nilikwenda nimejiandaa kumgombeza," alinijibu. "Halafu nikaona ile khanga."

Darasa lile lilifanya mtihani wa kidato cha nne mashine zikiwa hai, na Mwalimu Anastazia hakutoka getini kwa lile neno lake. Alitoka miaka mingi baadaye, kwa kustaafu kama watu wengine, kwenye gari la shule lililojaa mikungu ya ndizi na zawadi nyingine. Afande akawa fundi wetu wa Ukonga bila kuajiriwa. Watoto wa mtaa wake hawakuleta kwangu mashine isipokuwa zile zilizomshinda. Ile iliyokunywa chai iliwatumikia wanafunzi wengine baada ya Mwanaidi, na ilipochoka kwa kazi za shule tukaipeleka kwao Mwanaidi, kwa wadogo zake.

Siku ya kuniaga mimi, wazazi walinipa zawadi. Nilifungua karatasi nikakuta mashine mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, ina nailoni juu. Nikashukuru sana. Mwalimu Anastazia alikuwa amekaa pembeni yangu, sasa anatembea na fimbo. Akainama akaninong'oneza, "Inafunguka?" Nikashindwa kujizuia, nikacheka mbele ya mgeni rasmi.

Shughuli ilikuwa inaelekea mwisho alipoingia Afande. Naye ameshastaafu, lakini alipita katikati ya viti kwa hatua za gwaride, amebeba kitu mbele ya kifua, bila khanga, bila mfuko. Hakuja kwangu. Alisimama mbele ya Mwalimu Anastazia, akapiga saluti, akaiweka mashine nyeusi magotini kwake.

"Mkuu wa Shule. Mtoto wangu wa mwisho amemaliza kidato cha nne. Naripoti mashine imerudi." Akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha mgongo. "Imechakaa."

Mwalimu Anastazia aliifunua. Kwenye kibodi hapakuwa na herufi hata moja. A imefutika, N imefutika, zote zimefutika, vimebaki vitufe vyeusi vilivyolainika katikati kwa vidole vya watoto wa nyumba ile. Pembe moja ilikuwa imefungwa waya, bawaba ni ya mashine nyingine, na pembeni pana kovu la pasi. Alipitisha vidole juu yake, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akifanya siku za kutandaza. Tulisubiri aseme amesoma nini humo. Alikuwa analia, na hakujificha.

Kijana wa shule akaja kutuambia gari liko tayari kumrudisha Mwalimu nyumbani. Aliifunga mashine, akaikumbatia kwapani, akaikamata fimbo yake.

"Mwambieni dereva asijisumbue," alisema. "Leo natoka geti lile kwa miguu yangu."

Tukamsindikiza, mimi upande huu, Afande upande ule.